Miaka 40 ya Elko: Makauboi Walipopanda Jukwaani Kughani

Januari ndio mwezi wa nafasi kwa wafuga ng'ombe wa kaskazini mwa Nevada. Ndama wa mwaka uliopita wameshauzwa, mitamba na majike hawajaanza kuzaa, na theluji imefunika malisho hivi kwamba kazi kubwa iliyobaki ni kuwapelekea wanyama majani makavu kila asubuhi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1985, waandaaji wa mkutano wa kwanza wa washairi makauboi waliuweka mwishoni mwa mwezi huo, katika mji wa Elko, wakati wa baridi kali kabisa. Mtu wa mjini angechagua majira ya joto. Wao walifuata kalenda ya ng'ombe, na mpaka leo hawajaiacha.

Mkutano huo ulitimiza awamu ya 40 mwaka 2025. Naandika juu yake kwa sababu wengi wetu tulimjua kauboi kwa sinema na redio tu. Sinema ilimpa bastola. Redio ilimpa gita na sauti ya Jim Reeves, na nchini Kenya mapenzi hayo ya muziki wa kantri hayajazimika: wapo wanamuziki wa hukohuko, kama Elvis Otieno, wanaouimba kwa moyo wote. Lakini mtu mwenyewe, yule anayeamka saa kumi alfajiri kumsaidia ng'ombe ambaye ndama amekwama tumboni, katika picha zote hizo hakupewa nafasi ya kusema. Elko ilimpa, na hiyo ndiyo heshima yake kubwa.

Mji wenyewe ulizaliwa na reli. Kampuni ya Central Pacific ilipokuwa ikisukuma njia yake kuelekea mashariki, mwaka 1868, iliweka kituo kando ya mto Humboldt, kwenye uwanda mkavu ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ng'ombe walikuja, kisha kondoo. Pamoja na kondoo wakaja wachungaji wa Kibaski kutoka milima inayotenganisha Uhispania na Ufaransa, na nyumba yao ya kulala wageni, Star Hotel ya mwaka 1910, ingali inapika. Fundi matandiko Guadalupe Garcia alihamia hapo kutoka California mwishoni mwa karne ya 19, na lijamu zake zenye nakshi za fedha zikajulikana nchi nzima. Duka la Capriola, lililorithi ufundi wake, bado lipo katikati ya mji. Siku hizi dhahabu ya migodi ya jirani inaingiza fedha nyingi kuliko ng'ombe, ila anayetaka kununua kamba ya kitanzi iliyosukwa kwa ngozi mbichi anajua pa kwenda.

Ushairi wa makauboi ni mkubwa kwa umri kuliko mkutano wao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipomalizika mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi wasio na soko, na miji ya kaskazini ilikuwa na njaa ya nyama. Makundi ya maelfu ya ng'ombe yakaswagwa kwa miezi kadhaa hadi kwenye vituo vya reli huko Kansas. Usiku wapanda farasi walipokezana zamu kulizunguka kundi. Ng'ombe wa nyikani akishtuka gizani, kwa radi au kwa mlio wa sufuria tu, kundi zima hutimka, na watu hufa. Kwa hiyo mlinzi aliimba polepole, kwa mwendo wa farasi wake, ili wanyama wajue wakati wote ni nani aliyekuwa karibu nao. Nyimbo hizo zilikuwa na lahani za Ireland na Uskoti, tenzi za kanisani, na mengi yaliyotoka kwa wachunga ng'ombe wa Meksiko, ambao ndio waliowafundisha wengine kazi yenyewe. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa mmoja katika kila makauboi wanne alikuwa mtu mweusi. Sinema ilimsahau. Nyimbo zilibaki naye.

Safari hizo ndefu hazikudumu. Seng'enge iliyopewa hataza mwaka 1874 ilifunga nyika, reli zilifika karibu na malisho, na baridi ya 1886 hadi 1887 iliua ng'ombe wengi mno hivi kwamba matajiri wengi waliacha biashara. Kauboi akawa mfanyakazi wa ranchi, analala katika bweni na wenzake, hana umeme wala gazeti la leo. Hapo shairi ndilo lililokuwa burudani. Mtu aliyejua mashairi 20 kwa moyo alikuwa na thamani katika bweni la wachungaji, kama alivyokuwa na thamani aliyejua kupika.

Wa kwanza kuchapa nyimbo hizo katika kitabu alikuwa Jack Thorp, kauboi mwenyewe, aliyezikusanya akiwa juu ya farasi. Mwaka 1908 alimlipa mchapaji wa mji mdogo wa Estancia, New Mexico, atoe nakala 2,000 za kijitabu chenye nyimbo 23, baadhi yake akiwa amezitunga mwenyewe. Miaka miwili baadaye John Lomax, msomi wa Texas, alitoa mkusanyo mkubwa zaidi. Lomax alisimulia kwamba mmoja wa nyimbo mashuhuri kuliko zote, ule wa kuyasifu makazi ya nyikani, aliurekodi kwa mwenye baa mweusi wa San Antonio.

Namtaja Lomax kwa sababu ya binti yake. Bess Lomax Hawes, aliyekulia katika nyumba hiyo ya nyimbo, alikuja kuongoza idara ya sanaa za jadi katika mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kundi la wataalamu wa mila na fasihi simulizi kutoka majimbo ya magharibi lilipoomba fedha za kuwatafuta makauboi wanaoghani, ombi hilo liliangukia mikononi mwake. Fedha zilitoka. Kiongozi wa kundi hilo alikuwa Hal Cannon wa Utah, mpigaji muziki wa zamani na mwanzilishi wa Western Folklife Center, shirika lisilo la kibiashara ambalo hadi leo ndilo mwenyeji wa mkutano. Pamoja naye walikuwamo Jim Griffith wa Arizona na Mike Korn wa Montana. Huko Elko kwenyewe walimpata Sarah Sweetwater, mwalimu wa sanaa, na kijana mmoja mchunga ng'ombe mwenye masharubu yaliyosokotwa, Waddie Mitchell.

Kazi waliyoifanya kabla ya mkutano naiona ni kubwa kuliko mkutano. Waligawana majimbo, wakazunguka. Waliwauliza wahariri wa magazeti ya vijijini, mafundi matandiko, wakutubi, wenye baa: ni nani hapa anayejua mashairi? Walikuta mashairi yamekatwa magazetini na kubandikwa ukutani, yamenakiliwa kwa kalamu ya risasi katika daftari za mahesabu ya ng'ombe, na mara nyingi zaidi hayakuandikwa popote. Yalikuwa vichwani. Mtu mzima aliyesema hajui ushairi aliweza, akiombwa kwa adabu, kughani beti 30 bila kukwama, kisha akakiri kwamba hakumbuki nani alizitunga.

Mara nyingi mtunzi alikuwa Bruce Kiskaddon. Huyu alizaliwa mwaka 1878, akachunga ng'ombe Colorado na Arizona, kisha akaishia Los Angeles akibeba mizigo ya wageni hotelini. Katikati ya kazi hiyo aliandika mashairi juu ya maisha aliyoyaacha. Soko la mifugo la Los Angeles liliyachapa kwenye kalenda zake, shairi moja kila mwezi, pamoja na michoro ya Katherine Field, binti wa mfugaji wa New Mexico. Kalenda hizo zilipelekwa kwa wateja na zikatundikwa jikoni na mabwenini kote magharibi. Kiskaddon alifariki mwaka 1950 bila kupata jina katika fasihi rasmi, huku watu wasiojuana, kutoka mpaka wa Kanada hadi mpaka wa Meksiko, wakiwa na mashairi yake midomoni. Hakuna profesa aliyelipanga hilo. Lilisambaa kwa kalenda na kwa kumbukumbu.

Basi mwishoni mwa Januari 1985 watu hao waliitwa Elko. Waandaaji walitarajia hadhira ndogo, pengine jamaa za washairi na wanahabari wachache. Waliokuja walijaza ukumbi, wengine wakasimama. Wengi walikuwa wafugaji walioendesha magari usiku kucha kwenye barafu, nao walikuwa wakiamini kwamba mapenzi yao ya mashairi ni jambo la faraghani ambalo mwanamume hulitaja kwa tahadhari. Sasa waliwasikia wengine, wenye kofia na viatu kama vyao, wakighani hadharani mashairi yaleyale waliyoyajua wao, na midomo ya wasikilizaji ikawa inafuata. Mwaka huohuo Cannon alitoa diwani ya mkutano, yenye mashairi ya kale na mapya pamoja, nayo ikauzwa kuliko ilivyo kawaida ya vitabu vya mashairi.

Katika hao wa mwanzo alikuwapo Wallace McRae, mfugaji wa Rosebud, Montana. Shairi lake la kuchekesha juu ya kauboi anayemweleza mwenzake namna mtu anavyorudi duniani baada ya kufa ndilo linaloghaniwa zaidi katika utamaduni wote huu, na wengi humjua kwa hilo tu. Mimi namheshimu zaidi kwa mengine. Ranchi yake ilipakana na nchi ya makaa ya mawe, na kampuni zilipoanza kuchimbua ardhi huko Colstrip katika miaka ya 1970, McRae alipambana nazo kwa mikutano na kwa mashairi, akiuliza nini thamani ya bonde lenye majina ya watu waliolilima. Mwaka 1990 alikuwa kauboi mshairi wa kwanza kupewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa za jadi.

Buck Ramsey wa Texas aliipata tuzo hiyo mwaka 1995. Alikuwa kauboi kijana kando ya mto Canadian mpaka farasi alipomwangusha mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo hakuinuka tena kutoka kiti cha magurudumu. Alisoma. Aliimba nyimbo za zamani kwa sauti ya taratibu isiyotafuta makofi. Halafu akaanza utenzi mrefu juu ya kijana anayejifunza kazi ya kuchunga, na ubeti aliouchagua ni ule wa Pushkin, mshairi wa Urusi, aliyeutumia katika riwaya yake ya mashairi juu ya Onegin: mishororo 14, yenye vina vinavyopishana kwa mpango mkali. Asiyeujua ugumu wa ubeti ule na auonje kwa kujaribu mmoja tu. Ramsey aliubebesha majani, umande, farasi na woga wa kijana alfajiri ya kwanza kazini, na ukabeba. Alifariki mwaka 1998, na kwa maoni yangu kazi hiyo ndiyo kilele cha ushairi uliotokana na Elko.

Georgie Sicking, mzaliwa wa Arizona mwaka 1921, alikuja na hadithi nyingine. Tangu msichana alifanya kazi ya ranchi sawa na wanaume, akakamata farasi mwitu kwa kamba, na akatunga juu ya kazi hiyo bila kuomba radhi. Aliendelea kughani akiwa bibi wa miaka zaidi ya 90. Rod McQueary, wa Ruby Valley karibu na Elko, alileta vita vya Vietnam ndani ya ukumbi. Yeye na mwenzake Bill Jones walitoa pamoja kitabu cha mashairi ya askari mwaka 1993, na wafugaji waliozoea kuchekeshwa walijikuta wakisikiliza habari za maiti na usingizi usiokuja. Mkutano ungeweza kuwakataa kwa kuwa hayo si mambo ya ng'ombe. Haukuwakataa.

Na muziki? Ulikuwapo tangu mwanzo, ila kwa miaka ile ya kwanza ulikaa nyuma ya ushairi. Ian Tyson wa Kanada, aliyekuwa nyota wa nyimbo za kiasili katika miaka ya 1960 kisha akajificha kwenye ranchi yake Alberta, alipata Elko wasikilizaji waliojua kila kitu alichokitaja, na albamu yake ya mwaka 1986 ikamrudisha kileleni. Don Edwards wa Texas alihifadhi nyimbo za ulinzi wa usiku kama mlezi. Mwaka 1992 kampuni kubwa ya Warner ilifungua tawi la muziki wa magharibi, na miongoni mwa wa kwanza kurekodiwa walikuwa Edwards na Waddie Mitchell, mmoja akiimba, mmoja akighani. Mitchell alikuwa ameshapanda kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson, na hata Baxter Black, daktari wa mifugo aliyeacha sindano akashika kalamu, naye alipitia hapo. Nchi nzima ikacheka nao kwa furaha. Umaarufu huo ulisaidia, lakini ulileta pia waigaji wengi wenye kofia mpya na vichekesho vilevile, na waandaaji wa Elko walilazimika kuchuja kwa mkono mzito zaidi.

Palikuwa na ubishi pia, na msomaji wa Kiswahili ataujua mara moja. Je, shairi lisilo na vina ni shairi? Sisi tuliugombania tangu Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, huku wafuasi wa sheria za utunzi za Amri Abedi wakipiga meza. Huko Elko aliyeuchokoza ugomvi ni Paul Zarzyski wa Montana, mpanda farasi wakali katika mashindano ya rodeo, aliyefundishwa na mshairi Richard Hugo chuoni na akaandika bila vina wala mizani. Wazee waliguna. Hoja yao haikuwa ndogo: shairi lenye vina hukaa kichwani mwa mtu aliye juu ya farasi, na lisilokaa kichwani halifiki malishoni. Zarzyski alijibu kwa kuyajua yake yote kwa moyo na kuyasema kwa nguvu ya mtu anayeshikilia mnyama anayeruka. Akawa miongoni mwa wanaopendwa zaidi, bila kuwashinda wenye vina, ambao hata leo ndio wengi.

Taasisi ikapata nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa tajiri na mfugaji George Gund, Western Folklife Center iliingia katika jengo la Pioneer Hotel, la mwaka 1913, katikati ya Elko. Humo mna baa ya zamani yenye kaunta ndefu ya mbao iliyotiwa nakshi za lulumizi, ukumbi mdogo wa maonyesho, na hifadhi ya sauti za mikutano. Wengi waliorekodiwa katika miaka ya mwanzo wameshafariki, na watunzi wao wenyewe walikuwa wamekufa kabla yao. Bila kanda zile tungebaki na herufi tu, na ghani haimo katika herufi. Huwezi kujua kutoka ukurasani ni wapi mghani alinyamaza, akashika ukingo wa kofia, akasubiri.

Mwaka 2000 Baraza la Seneti la Marekani lilipitisha azimio la kuutambua mkutano huu kuwa wa kitaifa. Mwaka 2011 jina lake lilitajwa tena huko, safari hii kwa mashaka. Seneta Harry Reid wa Nevada, akipinga kupunguzwa kwa fedha za utamaduni, aliutaja kama mfano wa mambo ambayo yangeathirika, na kwa wiki kadhaa wachambuzi walimfanyia mzaha: serikali yenye madeni, na washairi makauboi! Waliocheka hawakuwa wamekwenda. Kiasi kilichokuwa kikitoka serikalini kilikuwa kidogo, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa tiketi, wafadhili na mamia ya wenyeji wanaojitolea. Naamini jamii inayomfanyia mzaha mchungaji anayetunga imejinyima kitu, na naona fahari kwamba Elko haikujibu matusi. Januari iliyofuata ilifungua milango kama kawaida.

Jambo jingine lililokua kwa miaka hii ni jibu la swali la nani ni kauboi. Walialikwa wachunga ng'ombe wa Hawaii, Australia, Argentina na Mongolia. Wabaski wa hapohapo Nevada walileta utamaduni wao wa kujibizana kwa mashairi ya kuimbwa papo kwa papo, kama malumbano ya malenga wetu, na mwaka 2018 mkutano uliwapa nafasi ya mbele. Henry Real Bird wa taifa la asili la Crow, aliyekuwa malenga rasmi wa jimbo la Montana, aliwahi mwaka 2010 kupanda farasi zaidi ya kilomita 600 akigawa vitabu vya mashairi njiani, na jukwaani Elko Kiingereza chake huingiliwa na lugha ya mama yake. Mwaka 2020 mada ilikuwa makauboi weusi, na Dom Flemons, aliyetoa albamu nzima juu yao miaka miwili kabla, alikuwapo na banjo yake. Ilichukua miaka 35 kufika hapo. Ni muda mrefu mno kwa historia ambayo ilikuwa wazi vitabuni, na nisingependa kuipamba.

Halafu ikaja korona. Mkutano wa 2021 ulifanyika mtandaoni na wa 2022 ukafutwa. Kabla ya watu kukutana tena, mwaka huohuo wa 2022 uliwachukua Baxter Black, Don Edwards na Ian Tyson. Waliorudi Elko mwaka 2023 walirudi kwenye jukwaa lililopungukiwa na nguzo zake tatu.

Hofu kubwa sasa ni ya ranchi zenyewe. Ardhi inanunuliwa na matajiri wasiofuga, watoto wa wafugaji wanahamia mijini, na kazi inayofanywa juu ya farasi inapungua mwaka hadi mwaka. Shirika limejibu kwa kuwafundisha vijana wa ranchi kurekodi filamu fupi za maisha yao, na kwa kuendeleza vikao vya wazi ambapo yeyote hujiandikisha, hupewa dakika zake chache, na kughani mbele ya watu walewale wanaolipa tiketi kuwasikiliza wakubwa. Humo ndimo nafasi ya mgeni ilimo. Ningependa kuona siku moja jina la Mhima wa Ankole katika orodha ile, aghani majigambo ya ebyevugo kwa kasi yake, bila kuvuta pumzi mpaka mwisho wa ubeti, au Mnyarwanda aliyerithi kwa babu yake amazina y'inka, sifa za ng'ombe mmoja mmoja kwa jina lake. Wasikilizaji wa Elko wameshawasikiliza Wamongolia, tena kwa utulivu. Kinachohitajika ni mkalimani mmoja na nauli.